Mashine Iliyoanikwa na Kahawa

Ukishuka stendi ya Kayanga ukauliza fundi, utaonyeshwa mafundi mpaka uchoke, maana siku hizi kila aliyewahi kushika bisibisi anajiita fundi. Lakini ukiuliza fundi wa vitu vilivyokwisha kufa, watu watacheka kidogo, kisha watakunyooshea kidole kwenye duka la mlango wa buluu, kwa Mudathir.

Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akafika Karagwe, akaoa, akasahau kurudi. Baba yake, mzee Shabani, aliuza vitenge sokoni maisha yake yote na alitarajia mtoto afuate njia hiyo hiyo. Mtoto akaangalia vitenge, akaangalia redio ya baba iliyokuwa imekufa juu ya rafu, akaichagua redio. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa huko, anakisema vizuri kiasi kwamba ukimsikia bila kumwona utadhani amekulia kibanjani kati ya migomba, akila ndizi na maharage kwa bibi.

Kula yake inatoka kwenye simu zilizopasuka vioo na sabufa zilizoungua. Furaha yake iko chumba cha nyuma, ambako kumejaa kompyuta kuukuu ambazo ofisi zilizitupa. Kila mashine ya namna hiyo ina chipu moja au zaidi ambamo aliyeitengeneza ameandika namna ya kuwa mashine ile. Mudathir huzing'oa chipu hizo, huzisoma kwa kifaa chake, hukaa na maandishi yake amri kwa amri mpaka ayaelewe, halafu huifundisha kompyuta yake ya leo ijifanye ile ya zamani. Na hujifanya kweli, na kasoro zake zote. Watu wa Kayanga, ambao wanaweza kumaliza nusu siku wakitazama lori lililokwama kwenye tope, walimwona yeye ndiye mpoteza muda. Mkewe, Naila, aliwahi kumuuliza inasaidia nini. Mudathir alifikiri, akajibu kwamba haisaidii kitu, ila inamuuma kuona jambo ambalo mtu alilifikiria sana likipotea hivi hivi.

Baadhi ya chipu hizo zina kidirisha cha kioo mgongoni. Hufunikwa kwa kikaratasi, kwa sababu mwanga mkali ukipenya kwenye kioo kile, maandishi ya ndani hufutika polepole. Wenye uwezo wana taa maalumu ya kufutia. Mudathir hana. Akitaka kufuta chipu ili aiandike upya, hubandua kikaratasi, huiweka juu ya bati la duka lake, na kuliachia jua la kiangazi limalize kazi. Katika wilaya nzima, kama kuna mtu aliyejua jua linaweza kuifanya nini chipu ya kidirisha, ni yeye.

Sasa huko Kibingo, upande wa Kyerwa, kuna mzee anaitwa Elieza, mfugaji. Miaka mingi iliyopita aliugua koo, madaktari wakamtoa zoloto, kiungo cha sauti, ili wamwachie uhai. Akarudi nyumbani mzima, ila bila sauti. Mtu aliyekuwa akisimama rweya, kwenye ule uwanda wa majani, akaita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina nao wakaja, sasa alipungia mikono tu, na ng'ombe hawasomi mikono. Kyarimpa, mkewe, anasema mwaka ule mumewe alikonda kuliko alivyokonda hospitalini.

Aliyemwokoa ni Bruda Polikarpi, fundi wa misheni, Mungu amrehemu. Bruda alikusanya vipande vya kompyuta mbovu na chipu ya kuzungumza iliyotoka kwenye mtambo fulani wa Ulaya, akatengeneza kisanduku chenye vitufe, cha kuning'iniza begani. Kisha wakakaa wawili, masika yote, Bruda akitia sauti ndani ya chipu na Elieza akitikisa kichwa: hapana, hapana, bado, ndiyo. Ile mashine ilizaliwa kwa Kizungu, lakini waliikunjakunja ulimi mpaka ikasema Kinyambo. Waliiwekea sala, salamu, majina ya watoto, jina la Kyarimpa, na majina ya ng'ombe: Bihogo, Gaaju, Siina na wenzao. Ng'ombe akifa, mtamba mwingine alirithi jina.

Sauti yenyewe haikuwa nzuri. Ilikuwa kama ya mtu anayesema akiwa ameinamia debe. Lakini watoto wa Elieza walilelewa na kukaripiwa kwa sauti hiyo, kanisani ilisoma masomo ya Jumapili, na jioni ilipoita "Bihogo" kwenye rweya, Bihogo alinyanyua pembe zake ndefu na kuja, na kundi zima nyuma yake. Wageni walicheka. Wenyeji walishangaa wageni wanacheka nini, kwa kuwa kwao hiyo ilikuwa sauti ya Elieza, basi.

Mvua ya mwisho ya masika ilimkuta mzee rweya, mbali na nyumbani. Kisanduku kikalowa chapachapa. Kyarimpa akapiga simu Kayanga.

Siku hiyo Mudathir alikuwa na sabufa ya watu wa harusi mezani, wenyewe wamesimama mlangoni wakihema. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Mashine ya mzee imenyeshewa, mwanangu," alisema Kyarimpa.

"Msiiwashe, mama. Fungueni kifuniko, toeni betri, muianike juani mpaka ikauke kabisa. Kabisa, msiwe na haraka."

"Na hivi vikaratasi vya ndani? Navyo vimelowa."

"Toeni chochote kilicholowa, mama."

Akakata simu, akarudi kwenye sabufa. Ndilo jibu analompa kila mtu, na mara nyingi ni jibu zuri. Hakuuliza ni vikaratasi gani.

Kyarimpa alitii. Ni mwanamke wa ukoo wa wafugaji, na sifa yake Kibingo nzima ni vibuyu vyake vya maziwa: huvisugua, huvifukiza moshi wa majani, huviegemeza mdomo wazi juani, na maziwa yake hayachachi hovyo. Aliishughulikia mashine kwa mkono huo huo. Alibandua vikaratasi, akafuta gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka vioo vikang'aa. Kisha, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kahawa, akailaza kwenye jamvi kando ya kahawa ya maganda. Kila asubuhi kahawa ilipotolewa ilitoka nayo, jioni ikaingia nayo. Ilipokauka kahawa, akaifunga mashine kwenye kitenge safi, akapanda basi dogo hadi Kayanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mzee wako. Nimemsafisha kama kibuyu."

Mudathir alifunua kitenge. Vidirisha vitatu vya kioo vilimtazama, vitupu, vimesuguliwa vikameremeta. Aliviona kabla hajaona kitu kingine chochote. Alikumbuka simu, bega, sabufa, neno kwa neno. Kyarimpa alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono magotini, akisubiri kusifiwa.

"Umeisafisha sana, mama," alisema.

"Itapona?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alijua alipaswa kusema. Lakini ulimi ukachagua njia nyepesi. "Chipu zimezeeka, mama. Ni uzee tu. Niachie niangalie."

"Uzee," Kyarimpa akarudia, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya jirani. "Sote tunaelekea huko."

Bodi, ule ubao unaobeba chipu zote, ilikuwa imeliwa na kutu, hata jua lisingeinusuru. Mudathir akaamua kuiacha na kuijenga mashine upya ndani ya kompyuta ndogo, ile ya ukubwa wa kiberiti, iwe inaiga kila alichokifanya Bruda. Chipu mbili kati ya tatu zilikuwa zimekaa pembeni, ambako bunda la nyaya liliziwekea kivuli, na maandishi yake yalitoka salama. Moja ilikuwa na amri za vitufe. Ya pili ilikuwa na hesabu za kutengeneza ile sauti ya debe. Kuhusu chipu ya kuzungumza, aliwaandikia watu wa mitandaoni, wa nchi za mbali, wenye kichaa kama chake, nao wakamtumia walichokuwa wamekwisha kukichimbua kwenye chipu kama ile. Ilimchukua kiangazi chote na vuli. Asubuhi aliyoisikia kompyuta ikitamka herufi ya kwanza kwa sauti ya Elieza, alikaa chini akafurahi, na furaha hiyo ilidumu mpaka alipogeukia chipu ya tatu.

Chipu ya tatu ilikuwa ya maneno, na ndiyo iliyolala uso kwa uso na jua.

Kila alipoisoma ilitoa jibu tofauti, kama mgonjwa wa homa anayeulizwa jina lake. Akaipunguzia umeme, ujanja wa kuzibembeleza chipu zilizofifia, na baadhi ya maneno yakajitokeza: "asante", "twende nyumbani", sehemu ya Baba Yetu mpaka kwenye mkate wa kila siku. "Kyarimpa" ilitoka nusu, "Kya", halafu mvumo mtupu. Majina ya ng'ombe hayakuwepo. Pale yalipokuwa palikuwa peupe, peupe kabisa, hata apunguze umeme namna gani.

Jioni alipokuwa akila, Naila alimtazama akaweka kijiko chini.

"Wewe una nini siku hizi?"

Akamweleza yote. Naila alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa kwa nini huwaambii?"

"Nikiwaambia nitakuwa nimewarudishia nini?"

"Sijasema uwarudishie. Nimesema uwaambie."

Mudathir akavuta sahani, akaendelea kula. Alikuwa amejipa matumaini ya namna nyingine: akiirudisha sauti yote, kosa litakuwa limelipwa kimyakimya, na hakutakuwa na haja ya mtu yeyote kuumia. Watu wenye mikono mizuri hupenda kufikiri hivyo. Naila, ambaye hana mkono wa ufundi, hakufikiri hivyo hata kidogo.

Mudathir akapanda pikipiki akaenda Kibingo, mashine mpya kwenye begi. Elieza alikuwa amekaa barazani, blanketi mabegani. Alikuwa amepungua. Vijana wa ukoo walishamletea simu inayosoma maandishi, lakini ilisoma kwa sauti ya binti wa redioni, na mzee aliisikiliza mara moja akawarudishia kwa adabu. Tangu masika hakuwa amesema neno. Ng'ombe sasa walikuwa mkononi mwa Karekezi, mchungaji aliyeajiriwa, anayewaita kwa mluzi.

Mudathir alimpa shikamoo, akamwekea kisanduku magotini. Mzee alipapasa vitufe. Akabonyeza "asante".

Ile sauti ikatoka. Kyarimpa aliyekuwa akipita na kuni alizitua pale pale, akajifunika uso kwa ukingo wa khanga, akalia bila kelele. Mudathir aliona machozi yale, akayapokea kama malipo ambayo hakuyafanyia kazi.

Akawaeleza kwamba maneno mengine "yamechakaa" na itabidi wayatengeneze upya kwa kumbukumbu ya masikio. Ndivyo walivyokaa siku kadhaa barazani, yeye akisogeza sauti moja moja, wao wakisikiliza. Akarefusha hapa, akapunguza pale, akainua mwisho wa neno.

"Kya-rim-pa," ilisema mashine.

"Alikuwa anavuta zaidi katikati," alisema Kyarimpa. "Kama anayenidai kitu."

Akavuta katikati.

"Hapo. Ndiyo hiyo hiyo."

"Kweli, mama?"

"Hiyo hiyo, mwanangu," alisema, upesi mno. Mzee naye akatikisa kichwa kukubali. Wakafanya Bihogo, wakafanya Gaaju, wakafanya Siina. Karekezi akaitwa asikilize, akasema ndiyo yenyewe. Jirani akasema ndiyo yenyewe. Mudathir alitaka sana kuamini, akaamini.

Siku ya mwisho, jua lilipoanza kulegea, Elieza alisimama, akatundika kisanduku begani kama zamani, akaonyesha rweya kwa fimbo. Alikwenda mbele, taratibu, mgongo umenyooka kuliko siku zote zile. Kyarimpa, Mudathir na Karekezi wakafuata. Ng'ombe walikuwa wametawanyika kwenye mteremko, pembe zao nyeupe juu ya majani. Mzee alijiweka sawa, akafuta kiganja kwenye koti, akabonyeza.

"Bihogo."

Bihogo alinyanyua kichwa. Wote walimwona. Masikio yakaja mbele, akatazama upande wao, akatazama kwa muda. Kisha ng'ombe akashusha kichwa akaendelea kula.

"Bihogo," mashine ikaita. "Gaaju. Siina. Bihogo."

Hakuna aliyenyanyua kichwa tena. Binadamu wote wa boma lile walikuwa wamesema ndiyo hiyo hiyo, kwa mapenzi yao kwa mzee na kwa huruma yao kwa fundi. Ng'ombe hawakuwa na sababu ya kumhurumia mtu. Palikuwa na kitu kidogo ndani ya neno lile, kitu alichokiweka Bruda na mzee akakikubali masika yale, ambacho sikio la mtu halikukishika, na sasa hakikuwepo duniani.

Mzee aliita mpaka kidole kikachoka. Hatimaye akamwangalia Karekezi, akamfanyia ishara. Karekezi aliangalia chini kwa aibu, kisha akatia vidole mdomoni akapiga mluzi, na kundi zima likaja, Bihogo mbele. Walipita karibu na Elieza kiasi cha kumgusa. Mzee alinyoosha mkono, akampapasa Bihogo ubavuni akipita, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na uchovu tu wa mtu aliyeagwa.

Mudathir alisimama kama mti. Alitaka ardhi immeze. Kyarimpa aliiona hali yake, akasogea, akamshika mkono.

"Usijilaumu, mwanangu. Wewe umefanya zaidi ya uwezo. Kosa ni langu."

"Kosa gani, mama?"

"Uliniambia ikauke kabisa. Mimi niliitoa siku kahawa ilipokauka, nikaona inatosha. Ningeiacha juani zaidi kidogo isingezeeka namna hii. Nimelifikiria jambo hili usiku na mchana. Hata mzee sijamwambia."

Alilisema mbele ya mumewe, kwa sauti ndogo, kama anayetua mzigo. Mzee alimgeukia, akatikisa kichwa: hapana. Mudathir akahisi kitu kikivunjika ndani yake. Miezi yote hiyo alidhani anawakinga wasiumie, kumbe alimwachia mama huyu jiwe alibebe peke yake.

"Mama," alisema. "Haikuzeeka. Nilikudanganya. Ni jua."

Kyarimpa hakuelewa.

"Zile chipu zilikuwa na vioo. Vile vikaratasi vilikuwa vinazikinga. Jua likiingia pale linafuta maneno. Mimi nalijua hilo, mama, mimi mwenyewe huzifuta hivyo hivyo juu ya bati langu. Uliniuliza vikaratasi nikasema toeni. Sikukusikiliza. Nilikuwa na kazi nyingine mkononi."

Upepo ulipita kwenye majani. Ng'ombe walikuwa wanateremka kuelekea bomani, na Karekezi, ambaye ana adabu, aliharakisha kuwafuata.

"Jua," alisema Kyarimpa.

"Jua, mama."

"Lilikuwa linayafuta maneno yake."

"Ndiyo."

Kyarimpa aliitazama mikono yake. Midomo yake ilisogea kidogo kabla sauti haijatoka.

"Na mimi kila asubuhi nilikuwa naigeuza," alisema. "Kama kahawa. Ili lipate kila upande."

Mudathir alisema samahani, na neno lenyewe likaanguka pale majanini, dogo. Kyarimpa hakumtukana wala hakumsamehe. Aliendelea kutazama mikono yake.

Elieza ndiye aliyesogea kwanza. Akabonyeza kitufe ambacho jua lilikuwa limekiachia maneno yake.

"Twende nyumbani," ikasema sauti yake, ile ya kweli, isiyoguswa na mtu.

Wakageuka. Jua lilikuwa mbele yao, chini, likiwapiga usoni na kuwaka juu ya vitufe vya kisanduku. Kyarimpa alitembea hatua chache, akasimama, akafungua kitenge chake cha juu, akamwendea mumewe. Akakifunika kisanduku pande zote, akachomeka ncha za kitenge chini ya mkanda ili mwanga usipate pa kupenya, akakagua kwa vidole kama pamebaki tundu.

Mashine hii mpya haina kidirisha, na jua haliifanyi kitu. Mudathir alifungua mdomo amwambie, akamwona jinsi anavyozikaza zile ncha za kitenge, akafumba mdomo.